Dokku: bando limepona na usiku nalala

Wakuu, hii ni rivyu ya Dokku, programu ya bure ya kurusha na kuendesha saiti kwenye seva yako mwenyewe, baada ya kama mwaka hivi wa kuitumia kwenye kazi za wateja wadogo, duka la dawa moja na kikundi kimoja cha vikoba, kwa hiyo ukiwa na saiti ya watu milioni mi sio wa kuniuliza.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa kufungua FileZilla, ile programu ya kupandisha mafaili kwenye seva, na kuburuta mafolda. Kama umewahi kugusa Laravel (fremuweki ya kujengea saiti kwa PHP) unalijua lile folda la vendor linalobeba mapakeji yake, maelfu ya vifaili vidogo vidogo, unakaa unaangalia namba inashuka taratibu huku bando la wiki linayeyuka, umeme ukikatika ruta inazima nawe hujui kipi kimefika na kipi kimebaki njiani. Af unamaliza saa nane usiku, unafungua saiti, ukurasa mweupe na 500 kubwa katikati, yaani seva imekwama, kumbe PHP ya kule ni toleo la zamani.

Sasa Dokku ilivyo: unakodi seva yako yenye Ubuntu au Debian, unarusha skripti moja ya kuinstall, unatengeneza app kwa amri moja, basi. Kuanzia hapo kila ukibadilisha kitu unaandika git push dokku main (git ndo inayotunza mabadiliko ya kodi yako) na kinachosafiri kutoka kwenye laptop yako ni yale uliyobadilisha tu. Kodi, yaani code (sio ile ya TRA), ikifika seva yenyewe inaangalia, ikikuta composer.json inajua hii PHP, package.json hiyo Node, requirements.txt hiyo Python, au ukiweka Dockerfile inaifuata hiyo. Na mapakeji yote inayashusha yenyewe, kwa intaneti ya seva, sio ya kwako! Hapo ndo iliponikamata. Juzi nilirekebisha risiti ya duka la dawa nikiwa stendi ya Magufuli nasubiri basi, hotspoti ya simu, nikaja kucheki bando hata halijashtuka. Na push ikifeli katikati, toleo la zamani linaendelea kuhudumia watu kama hakuna kilichotokea.

Wazo lenyewe lilitoka Heroku, huduma ya mtandaoni ya kuendesha app kwa git push vilevile, Jeff Lindsay akaitoa Dokku mwaka 2013 ikiwa kama mistari 100 tu ya Bash, siku hizi imenenepa na chini inatumia Docker, inayoendesha kila app ndani ya boksi lake liitwalo kontena. Heroku walipofunga huduma ya bure Novemba 2022 wengi ndo tukaanza kuitafuta.

Databesi haiji nayo, unaweka plagini ya Postgres au MySQL mwenyewe, unaiunganisha na app na anwani inaingia kwenye DATABASE_URL bila wewe kunakili paswedi popote. HTTPS hivyohivyo, plagini ya Let's Encrypt, wanaotoa vyeti vya usalama wa saiti, bure, cheti kinaisha siku 90 ila kuna amri ya kuiambia ijihuishe yenyewe, usiiruke hiyo. Wa Laravel msisahau Procfile, faili la kuiambia Dokku iwasheje app, ni mstari mmoja wa kuielekeza kwenye folda la public, mi ulinila jioni nzima.

Sasa machungu. Kila ukipush linazaliwa kontena jipya na chochote kilichohifadhiwa ndani ya lile la zamani kinaondoka nalo. Mi sikusoma, nikapush kitu kidogo tu, picha zote za wanachama wa kikoba zikapotea, ikabidi nimpigie mama katibu kwa unyenyekevu, "mama shikamoo, naomba zile picha tena". Kosa langu mwenyewe, kuna amri ya storage:mount ya kuweka mafaili nje ya kontena na maelezo yapo wazi. Pia bakapu ni juu yako, ukilala nayo inalala. Na RAM ikiwa ndogo ujenzi unaweza kukata njiani, ongeza swap (sehemu ya diski inayosaidia RAM) mapema kabla hujaanza kulaumu kodi yako.

Vitufe vya kubonyeza hamna, ile ya bure ni terminali mwanzo mwisho, wenye dashibodi ni Dokku Pro na hiyo inalipiwa. Anayeogopa terminali aangalie Coolify, nayo ya bure na ina kila kitu kwenye brauza, ila inataka RAM kuanzia GB 2. Seva yangu ina 1 na nailipia kwa hela yangu ya mfukoni, so bado nipo hapahapa.