Uzoefu wangu na Madaraka Express: saa za tiketi na saa za safari nzima

Tangu treni hii ianze kubeba abiria mwaka 2017, watu husema Mombasa imesogea karibu na Nairobi. Imesogea kweli, ila pungufu kidogo ya inavyodhaniwa. Treni ya zamani, ile ya reli ya mita moja, ilikuwa safari ya kulala: unapanda jioni, unafika kesho yake, na ikichelewa siku nayo imekwenda. Hii ya sasa hukimbia hadi kilomita 120 kwa saa juu ya reli ya milimita 1,435, na kilomita zipatazo 470 huisha kwa saa tano hadi sita. Basi huchukua nane hadi kumi, malori yakiamua.

Tatizo ni miisho ya safari. Stesheni ya Nairobi iko Syokimau, ya Mombasa iko Miritini, zote nje ya mji. Kwa treni ya saa tisa alasiri mimi nahesabu hivi: saa moja kutoka katikati ya Nairobi, saa moja ya ukaguzi, tano na nusu ndani ya behewa, kisha dakika kama 45 hadi kisiwani. Jumla ni zaidi ya saa nane. Aliyepanda basi la alfajiri barabara ikiwa nyeupe hajaachwa mbali. Ninacholipia hasa ni uhakika: nikiambiwa nitafika usiku saa mbili na kitu, naweza kumwambia anayenipokea aje saa hiyo.

Ukaguzi usiudharau. Mizigo hupangwa chini kwa mstari, mbwa wa kunusa wapite, halafu mashine, halafu kitambulisho, ambacho lazima kilingane na jina la tiketi. Pombe, visu na makopo ya kupuliza hukamatwa hapo. Anayefika dakika 20 kabla ya treni kuondoka huachwa, kwa sababu foleni ni moja kwa abiria wa treni nzima.

Kwenda Syokimau, tumia treni ya kuunganisha inayotoka stesheni ya zamani katikati ya mji. Msongamano wa Barabara ya Mombasa hauigusi, na ratiba yake imepangwa kufuata treni kubwa.

Treni ya saa mbili asubuhi husimama vituo vya kati kama Emali, Mtito Andei na Voi, lakini ndiyo bora kwa kutazama ndovu wa Tsavo, maana jua lipo njia nzima. Ya saa nne usiku siipendekezi. Inafika baada ya saa tisa usiku, matatu ni chache, na wengi huishia kungoja kuche palepale stesheni. Hapo umeokoa nini?

Daraja la kawaida ni shilingi 1,500: viti vitatu upande huu, viwili ule, mnatazamana, migongo imesimama wima. La kwanza ni 4,500, nafasi zaidi, muda uleule. Kwa saa tano sioni sababu ya kulipa mara tatu, labda kwa mwenye miguu mirefu au mgongo mbovu.

Tiketi hukatwa kwa *639# na kulipiwa kwa M-Pesa. Sikukuu zikikaribia huisha mapema, hasa za alasiri. Anayekwenda Diani, pwani ya kusini mwa Mombasa, atoke Miritini kwa barabara ya Dongo Kundu. Kivuko cha Likoni hakimhusu tena.