Kadi yangu ilikuwa nyekundu: uzoefu wangu na kozi ya kufundisha yoga kwa watu wote

Nyota mbili. Mwanzo niliweka moja, nikaja nikapandisha hadi tatu, sasa nimerudi mbili na sijui nikimaliza kuandika hapa zitakuwa ngapi, maana kila nikiukumbuka ule mchana damu inachemka upya.

Kozi yenyewe ni ya wikiendi, kwa sisi ambao tayari tunafundisha yoga na tunataka kujua namna ya kufundisha watu wa kila aina, wenye ulemavu, wazee, wanene, waliopitia makubwa maishani, wale ambao wakiingia darasa la kawaida wanaangaliwa kwa jicho la pembeni mpaka wanaondoka wenyewe. Ratiba na ada mtaziona kwenye tangazo lao, sipotezi muda huko. Mimi nilienda kwa sababu nina kikundi changu kidogo, wengi ni wamama watu wazima, yuko binti mmoja kiziwi na kaka mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti, na miaka yote hii nawafundisha kwa kubahatisha. Halafu kuna mimi mwenyewe. Nina presha ya macho.

Asiyejua aelewe, hii siyo ile presha ya kupima mkononi. Kwa wengi wetu ni mgandamizo ndani ya jicho unaoua neva ya kuonea polepole, unaanza kupoteza pembeni bila hata kujua, na kilichokwenda hakirudi, yale matone tunayoweka kila siku ni ya kulinda kilichobaki. Mimi upande wa kushoto umeshakwenda, yaani mtu akija kutoka kushoto simwoni mpaka awe karibu mbele yangu. Na ukiinamisha kichwa chini, presha ndani ya jicho inapanda, hata kwa mtu mwenye macho mazima inapanda, ndiyo maana daktari alinikataza kusimama kwa kichwa na alinikataza pia lile pozi la mbwa anayeangalia chini, mikono na miguu sakafuni, makalio juu, ambalo madarasa mengi yanalirudia tena na tena. Kwa hiyo mbwa wangu naifanyia kwenye kiti. Mikono juu ya kiti, mgongo umenyooka sambamba na sakafu, kichwa kipo usawa wa mikono, hakishuki. Nimeizoea na naipenda.

Yote haya niliyaandika kwenye fomu yao. Walituma fomu kabla ya kozi, ina swali kabisa, una hali yoyote ya kiafya ambayo mkufunzi anapaswa kuijua. Nikaandika mistari minne, nikaeleza jicho, nikaeleza upande nisioona, nikaeleza kichwa kisishuke. Nilifurahi hata kuulizwa, nikasema hapa kweli nimefika kwa watu.

Asubuhi ya kwanza ilikuwa nzuri sana, siwezi kusema uongo. Mkufunzi akaanza na ahimsa, kutodhuru, akatukumbusha kwamba kwenye mafundisho ya Patanjali, yule mwalimu wa kale wa yoga kule India, zile nguzo nane za yoga zinaanza na namna unavyoishi na watu, na ahimsa ndiyo ya kwanza kabisa kutajwa, mapozi yanakuja nafasi ya tatu. Akasema sisi tumegeuza, mapozi yamekuwa yoga yote na kutodhuru kumekuwa mapambo ya ukutani. Nikaandika hilo kwenye daftari nikalipigia mstari. Akamtaja Iyengar, yule mwalimu wa Kihindi aliyekuwa mtoto wa kuumwaumwa, kifua kikuu, malaria, taifodi, na huyohuyo mtoto dhaifu ndiye aliyekuja kuwazoesha watu kutumia matofali, mikanda, kamba na viti kwenye yoga. Kwa hiyo kiti siyo cha wasioweza, kiti ni sehemu ya yoga. Nilikaribia kulia, kwa kweli.

Kisha tukaingia kwenye ridhaa. Kila mtu akapewa kadi ya pande mbili, kijani unaruhusu kuguswa, nyekundu hutaki kuguswa, unaiweka mbele ya mkeka wako na unaweza kuigeuza muda wowote bila kueleza kwa nini. Akasisitiza hilo bila kueleza kwa nini, mara tatu nzima. Akasema kuna watu wameshikwa kwa nguvu maishani mwao na mkono wa mwalimu unaotoka nyuma bila taarifa unaweza kumrudisha mtu kulekule alikotoka. Chumba kizima kilinyamaza. Nami nikageuza kadi yangu nyekundu, nikaiweka pembeni ya mguu wa kiti ambapo haijifichi.

Baada ya chakula cha mchana tukaanza mazoezi, yeye anaongoza, sisi tunafuata. Akafika kwenye mbwa. Nikashika kiti changu. Niko pale, napumua, nasikia mgongo unafunguka vizuri, mara nikahisi viganja viwili vimetua katikati ya mabega yangu. Ametokea kushoto. Simwoni, sijasikia hatua maana tuko pekupeku, nashtukia tu uzito. Na akaanza kunikandamiza chini. Kichwa changu kikapita katikati ya mikono, kikashuka, nikaiona sakafu na nikaiona kadi yangu nyekundu hapo chini, karibu kabisa na kidole gumba cha mguu wake. Alikuwa karibu aikanyage.

Nikasema, "Mwalimu, naomba uniachie."

Akasema, "Legeza tu mama, usiogope."

Nikarudia, "Niachie, nina presha ya macho." Ndipo akatoa mikono. Hakuomba radhi. Akasimama pale akasema kwa sauti ya kusikika na wote, mgongo wako bado una nafasi mama, usijiwekee mipaka, mikono yangu ina uzoefu wa miaka ishirini inajua mwili unaweza nini. Halafu akaenda kwa mwingine.

Usiogope! Mimi sikuwa naogopa jamani. Mtu anayemfahamu daktari wake, anayeweka matone yake kila siku bila kukosa, aliyekaa chini akatafuta namna yake ya kufanya pozi bila kupoteza jicho lililobaki, huyo unamwambia usiogope? Na ile mama aliyoniita, kijana ambaye umri wake ni wa mdogo wangu wa mwisho, ningeipokea kwa mikono miwili kama ingekuja na heshima ya mama, lakini mama ya pale ilikuwa ya kuninyamazisha. Na asubuhi ya siku ileile alitwambia mtu haelezi kwa nini. Mimi nimelazimika kutangaza ugonjwa wangu mbele ya chumba kizima, nikiwa kichwa chini, ili mtu anitoe mikono mgongoni.

Niliendelea na kozi mpaka mwisho. Watu wameniuliza kwa nini sikuondoka, sijui niwajibu nini, nilikuwa nimeshalipa, na nilikuwa nawafikiria wale wanafunzi wangu wa nyumbani. Ila kuanzia pale kila kitu nilikiona kwa jicho jingine. Mfano hili la nafasi za nusu ada. Wana utaratibu mzuri kabisa kwamba asiye na uwezo analipa kidogo, na hilo nalisifu kwa sababu bila hilo mafunzo ya yoga yanabaki ya wenye pesa tu. Lakini jioni wakaambiwa wale wa nusu ada wabaki kukunja mikeka na kupanga matofali, kwa majina, tukiwa wote tunasikia. Basi sasa kila mtu amejua nani kalipa nini. Dada mmoja niliyekaa naye alikuwa anakunja mikeka hajainua uso. Nikamsaidia, wala hatukuongea. Huenda siku nyingine nisingeliona hilo, au ningesema ni kusaidiana tu, lakini mtu aliyeniwekea mikono mgongoni bila ridhaa yangu siwezi tena kumpa nafasi ya kumdhania mema.

Haya, sasa ndiyo ile nyota ya tatu ilipotokea. Nimerudi kwa kikundi changu na yale niliyofundishwa yanafanya kazi. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Zamani nilikuwa nawaambia "fumba macho" halafu naongea. Yule binti yangu kiziwi akifumba macho darasa limemwishia hapohapo, hanioni, haoni midomo, haoni mikono, anabaki gizani peke yake anasubiri kuguswa begani. Miaka yote sikuliona! Sasa nasema anayetaka afumbe, anayetaka ashushe macho tu, na kabla hatujalala chali nampa yeye maelekezo yote kwanza kwa ishara na tumekubaliana nitagonga sakafu mara mbili kumaliza, anausikia mtikisiko. Wiki ya kwanza alipogeuka kunitazama baada ya sakafu kugongwa alikuwa anatabasamu hivi ambavyo sijawahi kumwona.

Jingine ni lugha. Nilikuwa nasema "pozi kamili ni hili, ukishindwa fanya lile rahisi", sasa naanza na la kwenye kiti kama pozi lenyewe, kisha nasema anayetaka kwenda sakafuni na aende. Mamangu mmoja wa pale ambaye alikuwa anajificha nyuma na kiti chake sasa anakaa mbele. Na yule kaka wa mguu, nilikuwa nasema "kanyageni kwa miguu yote miwili" kila siku ya Mungu, mbele yake. Sasa nasema kanyaga kwa kile kinachogusa chini. Hakuniambia kitu, ila siku hizi anakuja bila kuruka kipindi, na zamani alikuwa anaruka. Yote haya nimeyatoa kwenye mwongozo wa kozi ile. Mwongozo ule ni mzuri, umeandikwa na mtu anayejua, na kama wangeuza mwongozo peke yake ningesema kimbieni mkanunue, nyota tano.

Hapo ndipo nilipoweka tatu. Nikasema labda nimekuza mambo, mtu ni mtu, alikuwa amechoka, anafundisha chumba kizima, mkono umemtangulia. Nilienda kwa daktari wa macho akanipima, presha iko palepale, namshukuru Mungu. Alichosema ni kilekile, kichwa kisiende chini, na asikushike mtu. Kwa hiyo sikudhurika, nikasema basi niache.

Kisha nikawaandikia. Ujumbe wa heshima kabisa, nikaeleza kilichotokea kwa utulivu, nikasema sitaki kurudishiwa pesa, nataka tu mkufunzi ajue. Baada ya kitambo akanijibu mwenyewe. Akaandika, pole mama kama ulijisikia vibaya, nia yangu ilikuwa kukusaidia, nilidhani kadi yako ni ya kijani, na isitoshe ungetuambia mapema kuhusu macho tungekuchukulia tahadhari.

Ungetuambia mapema! Nikatafuta fomu yangu kwenye simu, nikaisoma yote. Mistari minne ipo, tarehe ipo, na chini yake wao wenyewe wameandika tumepokea asante. Na hata kama kadi ingekuwa kijani, kijani ni ruhusa ya kuguswa, siyo ruhusa ya kumsukuma mtu kichwa chini kutoka upande asioona. Hilo nalo amelifundisha yeye, kwenye mwongozo liko, kwamba hata mwenye kijani unamsogelea kutoka mbele, unamwambia unachotaka kufanya, unasubiri ajibu. Mimi nimelisoma kwake na sasa nalifanya kila kipindi. Yeye halifanyi.

Kwa hiyo mbili. Hapana, kozi nyota moja na mwongozo tano, wekeni wenyewe hesabu. Ukienda, nenda na mtu wako, mweke upande wako dhaifu kama unao, na ukishagawiwa kadi mwulize mkufunzi usoni kabisa, mwalimu, fomu yangu umeisoma? Usione haya kuuliza.

Nimemtumia picha ya fomu, ile mistari minne nimeizungushia duara jekundu. Naona ameifungua. Wiki ya tatu hii hajajibu.