The Stationery Shop ya Marjan Kamali: mapinduzi kutoka dukani

Nianze na karatasi maana hilo ndilo mtu huuliza kwanza. Hiki kitabu, ni riwaya, nilikinunua kwa wale wa kuuza vitabu chini hapa tao, kumbe ni kopi, wino umefifia na maneno yameingia kwa mshono hadi unavunja mgongo wa kitabu ndio umalize sentensi, kwa hivyo kama pesa iko nunua orijino.

Sasa stori. Ni Tehran, Iran, 1953, Roya ana miaka 17, anapenda kushinda kwa duka la Mr. Fakhri la kalamu, wino na mashairi, hapo ndipo anapatana na Bahman, kijana wa siasa, mtu wa Mossadegh damu, yule waziri mkuu wa Iran wakati huo. Wanachumbiana, barua zao zinapitia ndani ya vitabu vya duka, halafu siku waliyopanga kukutana uwanjani inaangukia tarehe 19 Agosti, yenyewe ya mapinduzi ya kumng'oa Mossadegh. Msichana amesimama tu hapo anangoja, watu wanazidi kujaa, kelele inabadilika, na wewe msomaji ushajua. Hiyo sehemu niliisoma kwa mat nikapitishwa steji.

Kilichonibamba ni kwamba wakubwa hawapewi nafasi. Siasa unaisikia nyumbani, baba Roya akimsifu Mossadegh, na kusema ukweli hivyo ndivyo sisi wengine huipata. Mamangu ukimuuliza Agosti 1, 1982, lile jaribio la mapinduzi hapa Kenya, hakuambii ya wanajeshi wa angani waliojaribu, anakuambia sauti ya mtangazaji Mambo Mbotela kwa redio na jirani aliyetoka River Road na katoni ya viatu vya kuiba, kufungua, vyote vya mguu wa kushoto.

Lakini ukienda bila kujua historia utadhani ni fujo za mtaani tu. Mossadegh alitaifisha mafuta 1951, Waingereza wakapoteza kampuni yao, ndio MI6 na CIA, majasusi wa Uingereza na Marekani, wakaungana kumng'oa, na jaribio la kwanza lilibuma hadi Shah, mfalme wa Iran, akatorokea Baghdad kisha Roma kabla arudishwe. Soma hayo kidogo kwanza, kitabu hakikai sana hapo.

Pia nusu ya pili inahamia Marekani, masomo, ndoa na Mzungu mpole anaitwa Walter, miaka inaruka, na mimi bado nataka kujua Tehran wanaishije asubuhi ya pili. Halafu lawama kubwa ya yale mapenzi kuharibika inabebeshwa mama ya Bahman, sisemi vile, lakini niliona kama CIA wamepewa msamaha wa bure hapo!

Wa kupenda mapenzi atalia, dadangu ashakichukua. Mimi sasa natafuta ya aina hii lakini ya Kongo, 1960, Mobutu akichukua serikali Wamarekani wakiwa nyuma yake, na isiwe ya Lumumba mwenyewe, waziri mkuu aliyeng'olewa, iwe ya mama anayeuza samaki hapo Léopoldville, Kinshasa ya leo. Mwenye anaijua aniambie iko wapi na bei.