Etymonline: kamusi ya bure ya asili ya maneno, imepimwa kwa neno "alcohol"

Upo ujumbe unaozunguka mitandaoni kila mara, kwamba neno la Kiingereza "alcohol" limetokana na Kiarabu al-ghul, zimwi mla watu. Tovuti ya Etymonline, iliyoanzishwa na Mmarekani Douglas Harper, inaumaliza ubishi huo kwa aya moja, tena bila malipo.

Andika neno kwenye kisanduku cha kutafutia, kisha usome tarehe kabla ya maana. Katika miaka ya 1540 "alcohol" ilikuwa unga laini kabisa. Asili yake ni al-kuhl, yaani wanja, ule wa madini ya antimoni yaliyosagwa. Paracelsus, tabibu na mwanakemia wa Ulaya wa karne ya 16, alilitumia neno hilo kwa unga na pia kwa kimiminika kinachovukika upesi. Kufikia miaka ya 1670 lilishapanuka likawa kiini safi cha kitu chochote. Maana ya kilevi inaonekana mwaka 1753, likiwa ufupisho wa jina refu zaidi lililotaja kiini cha mvinyo. Zimwi halina pa kuingilia hapo: kilichotangulia ni unga, kileo kilifuata baadaye sana.

Wengi hukosea kwenye tarehe. "15c." ni karne ya 15, miaka ya 1401 hadi 1500, usiisome kama miaka ya 1500 na kitu. Herufi "c." mbele ya mwaka ni "takriban". Na mwaka unaotajwa ni wa maandishi ya zamani zaidi yaliyopatikana, kwa hiyo huenda watu walilitamka neno hilo miaka mingi kabla. Kinyota mbele ya mzizi, kama *ak- kwenye "oxygen", kinaonyesha umbo lililokisiwa na wanaisimu, ambalo halijaonekana katika andiko lolote. Usilinukuu kama neno halisi.

Upungufu mkubwa ni nukuu: mara nyingi unapewa mwaka bila sentensi ya kuuthibitisha. Kwa tasnifu, hakikisha kwenye Oxford English Dictionary, kamusi kubwa ya Kiingereza inayotoa nukuu hizo; ni ya kulipia, hivyo uliza kwanza kama maktaba ya chuo imejiunga.

Jambo jingine, kamusi hii hufuata njia ya neno kuingia Kiingereza tu. "Zero" ilitoka kwenye sifr ya Kiarabu ikapitia Kilatini, zephirum, halafu Kiitaliano. Sifuri yetu haikuzunguka huko, tuliichukua kwa Waarabu wenyewe. Ukichunguza neno la Kiswahili, weka kamusi ya Kiarabu pembeni.