Tahoe-LAFS kwenye seva tano: hifadhi isiyomwamini mlinzi wake

Kwa kikosi kilicho uwanjani, au wakala wa forodha mwenye ofisi Kilindini, Changamwe na Nyali, swali ni lile lile: seva ikiibiwa, mwizi atasoma nini? Kwa Tahoe-LAFS, programu huria ya kuhifadhi faili kwenye seva kadhaa, hasomi kitu. Faili husimbwa kwenye kompyuta ya mtumiaji, ndipo hukatwa vipande na kusambazwa.

Tatizo hukungoja mlangoni. Mipangilio ya awali hukata vipande 10, vitatu vikitosha kurudisha faili, na hudai seva 7 tofauti. Ukiwa na 5, upakiaji wa faili za kawaida unagoma. Kwenye tahoe.cfg (faili ya mipangilio) ya mtumiaji weka shares.needed = 2 (vipande vinavyotosha kurudisha faili), shares.happy = 4 (seva tofauti zinazodaiwa), shares.total = 5 (vipande vyote), kisha uwashe Tahoe upya. Faili ya GB 1 itakula GB 2.5, lakini seva mbili zikizimika (umeme ukiondoka haupigi hodi) faili bado inapatikana.

Faili ndogondogo nyingi huenda mwendo wa kobe. Rootcap (mfuatano wa herufi ulio ufunguo wa faili zako zote) iandike karatasini uifungie kabatini. Ikipotea, hakuna wa kukurudishia. Vipande vilivyopotea havijijazi vyenyewe: kila mwezi endesha tahoe deep-check --repair --add-lease tahoe: (nukta mbili za mwisho ni sehemu ya amri) bila kukosa. Na seva ya Nyali ifunikwe, chumvi ya bahari hula soketi za netiweki.