Matufaha ya Lushoto sokoni Mgandini: kwa rojo, yanayapita yale yanayong'aa

Tuelewane jina kwanza, maana Tanga ukisema tufaa unaweza kuletewa lile tunda jekundu la majimaji la kwenye miti ya uani. Hapa tunazungumzia epo, tufaha la milimani, linaloshuka na matenga kutoka Lushoto kwa njia ya Mombo na Korogwe, na jinsi ya kulipikia rojo, yaani tufaha lililopikwa likalainika, kisha likachujwa.

Kwa kutafuna bichi, chukua lile jekundu la Afrika Kusini, hatubishi. Likiingia sufuriani ndipo linapoaibika: limejaa utamu bila uchachu, na likishaiva linabaki tamu tu, halina harufu. La Lushoto mara nyingi ni dogo, lina madoa, halipendezi mezani, lakini lina uchachu unaoshika ladha.

Kasoro yake ni fungu kuchanganywa. Chini ya mazuri manne utakuta mawili mabichi. Omba moja likatwe: mbegu zikiwa nyeupe, bado halijakomaa, lina wanga mwingi, na rojo lake litakuwa kama uji wa muhogo. Mbegu za kahawia ndizo unazotaka. Yaliyochubuka njiani yanafaa kabisa, mwambie tu muuzaji, "Dada, nipunguzie, haya yamebonyea." Ondoa sehemu iliyobonyea. Lenye ukungu litupe lote.

Kilo moja hutoa rojo karibu mililita 700. Osha, kata vipande vinne vinne, toa mbegu na kikonyo, acha ganda: lina pektini, ndiyo inayolifanya rojo lishikane, na ganda jekundu hulipa rangi ya waridi. Nyunyizia kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu mara tu unapokata, la sivyo vipande vitakuwa vya kahawia kabla hujawasha jiko. Maji ni nusu kikombe tu, mililita 120 hivi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: wanaona maji machache, wanaongeza, halafu wanahangaika nusu saa kuyakausha mpaka chini panaungua. Tufaha lenyewe litatoa maji. Kijiti kimoja cha mdalasini kinatosha.

Funika, moto mdogo, dakika 15 hadi 20. Kwenye jiko la mkaa punguza makaa, na pitisha mwiko chini kila baada ya dakika chache. Kipande kikivunjika kwa kubonyezwa na mwiko, epua, toa mdalasini. Sukari iwe mwisho, baada ya kuonja; vijiko viwili vya chakula mara nyingi vinatosha. La mtoto mchanga aliyeanza kula, usitie kabisa.

Kuchuja: chujio la tui lina matundu madogo mno, rojo litakwama na mkono utachoka. Tumia la waya lenye matundu makubwa, sukuma kwa mgongo wa upawa, ganda litabaki juu. Blenda ni haraka, ila inaingiza hewa. Unapata povu, na rangi inafifia. Wala usililaze rojo kwenye sufuria ya alumini, uchachu wake unaila alumini na kuacha ladha mbaya.

Kwa joto la Tanga, likiachwa mezani kesho yake litakuwa limeanza kuchacha. Kwenye friji linakaa wiki moja bila shida. La kugandisha, acha sentimita mbili juu ya chombo, maana linavimba. Ukitaka la kabatini, jaza likiwa la moto kwenye chupa ya nusu lita iliyopashwa moto (ya baridi itapasuka), funga, kisha chemsha chupa zikiwa zimezama majini dakika 15.

Ya Lushoto yakikosekana, nunua ya kijani ya Afrika Kusini. Hayo yamenye, maana maganda ya matunda ya safari ndefu mara nyingi hupakwa nta, na ndimu weka nusu ya kipimo.