Ukienda Animal Kingdom peke yako: nini ulipie, nini uache

Kati ya bustani nne za burudani za Walt Disney World, karibu na Orlando, Florida, Animal Kingdom ndiyo inayotugusa zaidi sisi wenye Kiswahili. Ilifunguliwa tarehe 22 Aprili 1998. Unavuka daraja na kujikuta katika kijiji cha Harambe, chenye kuta zilizobanduka chokaa kama za mitaa ya Lamu, matangazo ya Kiswahili na maandishi ya "Uhuru 1961". Wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, walitembea Afrika Mashariki kabla ya kuijenga. Wameacha "e" moja kwenye Harambee, lakini mara ya kwanza nilipoona neno "Tamu Tamu" kwenye kibanda cha viburudisho nilisimama nikalisoma mara mbili.

Nimekwenda mara tatu, zote peke yangu. Kazi yangu ni ya zamu, na siku zangu za mapumziko haziangukii siku za watu wengine. Kila nikirudi naulizwa: ulikula na nani? Hukujisikia vibaya? Sikujisikia vibaya. Nilichojifunza ni kwamba pale karibu kila kitu kimepangwa kwa familia ya watu wanne, na mtu wa pekee asipoangalia atalipia vitu visivyomhusu. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja: pesa hii inamfaa nini mtu aliyekaa meza yake peke yake? Bei nilizotaja ni za mtu mzima, kabla ya kodi na tipu, na hupanda siku za msimu.

1. Mikate ya Sanaa, mchana

Hapa ndipo ningeweka pesa yangu ya kwanza. Sanaa ni mgahawa, na hauko ndani ya bustani. Uko Kidani Village, sehemu ya hoteli ya Animal Kingdom Lodge, na huhitaji tiketi ya bustani wala chumba cha hoteli ili kula hapo. Ukuta mmoja ni madirisha, na nje ya madirisha ni mbuga ya wanyama ya hoteli.

Agiza mikate. Inakuja naan na ndugu zake, pamoja na vibakuli tisa vya kuchovya: raita ya matango, hummus ya pilipili hoho, chatne ya embe, ya ukwaju, ya kotmiri, jemu ya nyanya na tende, achari ya vitunguu saumu, sambal, na achari ya pilipili na ndimu ambayo inawasha kweli. Mtu wa Mombasa au Unguja hatahitaji kuelezwa. Bei haifiki dola 30, na mtu mmoja anashiba kabisa. Kwa watu wanne ni kionjo cha kugombania, ila kwako wewe ni mlo.

Siku ile mhudumu alianza kuondoa sahani na uma wa upande wa pili wa meza, kama wafanyavyo ukiwa peke yako. Nikamwomba aache sahani. Nikapanga juu yake vibakuli vitatu nilivyovipenda, vingine nikavisogeza pembeni. Twiga mmoja akaja taratibu hadi karibu na kioo, akasimama, akatafuna. Hakuna aliyenivuta mkono kwamba tuondoke, hakuna mtoto wa kumfuta mdomo, hakuna maongezi ya kujibu. Nilikaa zaidi ya saa nzima nikimwangalia twiga yule, na chatne ya ukwaju niliimaliza hadi chini ya kibakuli.

Nafasi za mezani hufunguliwa siku 60 kabla. Ukikosa, usikate tamaa: kuna sehemu ya baa yenye viti vichache ambayo huuza mikate hiyohiyo bila miadi, na mtu mmoja ni rahisi kumpenyeza. Nenda mwanga ukiwepo. Baada ya jua kuzama utalipa bei ileile na kujiona mwenyewe kwenye kioo. Kutoka bustanini kuna basi la bure hadi hotelini.

2. Wild Africa Trek

Hii ni ziara ya miguu na gari ndani ya bustani, na ni ghali. Andaa dola 200 na zaidi, juu ya tiketi ya bustani. Hata hivyo nimeiweka ya pili, na sababu ni hesabu: unalipa kwa kichwa. Hulipii nafasi tupu, wala huongezewi kwa kuwa uko peke yako. Unaungana na kikundi kidogo kisichozidi watu 12 kwa saa kama tatu. Mnatembea msituni, mnafungwa mikanda ya usalama, mnasogea ukingoni kuwatazama viboko kwa chini, kisha mnavuka daraja la kamba juu ya mamba wa Mto Nile. Mbao za daraja lile zimeachana makusudi. Nilishika kamba kwa nguvu hadi viganja vikabaki na alama, na mzee aliyekuwa nyuma yangu, ambaye hatukujuana hata jina, alikuwa akinihesabia hatua kwa sauti.

Halafu gari linawachukua hadi katikati ya mbuga, na mnakula vyakula vidogo vidogo kwenye jukwaa mkiwatazama wanyama. Chakula kimo ndani ya bei. Picha pia zimo, na hili lina thamani kubwa kuliko linavyosikika: msafiri wa pekee hurudi nyumbani na picha za wanyama mia na za kwake mwenyewe mbili, zote za uso tu.

Kwa habari ya picha, usinunue kifurushi cha picha za bustani nzima ukiwa peke yako. Wapiga picha waliovaa sare, wanaosimama sehemu maarufu, watakupiga kwa simu yako mwenyewe bila malipo ukiwaomba.

3. Harambe Market

Chakula cha haraka, bakuli la nyama au kuku, kati ya dola 12 na 18. Agiza kwa programu ya simu ya Disney ukiwa bado kwenye foleni ya kitu kingine, ukifika bonyeza kwamba umefika. Soseji yao ina nyama ya nguruwe, kwa hiyo asiyekula asome orodha vizuri kabla ya kubonyeza.

Shida ya mtu wa pekee hapa ni kiti. Ukienda kuchukua sinia, nani analinda meza? Na ukiinuka kufuata kitambaa, ndege weupe wenye midomo mirefu iliyopinda watakuwa juu ya sinia kabla hujageuka. Chukua kila kitu kwa safari moja, vitambaa na maji pamoja, ndipo utafute meza. Maji ya barafu kwenye kikombe ni bure kwenye kaunta zote za chakula cha haraka, usinunue chupa.

Ruhusa ipo pia ya kuingia na chakula chako, mradi hakuna vyombo vya glasi wala pombe. Chapati mbili na mayai ya kuchemsha kwenye mkoba vimeniokoa asubuhi mbili kati ya tatu.

4. Boma

Bufee ya hotelini, upande wa Jambo House, yenye ladha za Afrika kuanzia bobotie ya Afrika Kusini hadi supu za aina nyingi. Chakula ni kizuri sana na sina la kukikosoa. Nimeushusha kwa sababu bufee ni biashara ya wenye kula sana, nawe una tumbo moja. Jioni utalipa dola 50 na zaidi. Asubuhi ni nafuu, na kama ni lazima uchague, nenda asubuhi ule kwa kituo, mlo huo ukufikishe hadi alasiri.

Waislamu wenzangu, jambo moja. Kuna kitindamlo maarufu sana pale, vikuba vidogo vyeupe vyenye michirizi ya chokoleti kama pundamilia. Ndani yake kuna pombe ya Amarula. Usitegemee bango likuambie hivyo pale kwenye sinia. Ukitaka nyama ya halali kwenye migahawa ya mezani, omba siku kadhaa kabla, usingoje kufika mlangoni.

5. Kaunta ya Jiko

Jiko ni mgahawa wa jioni, wa gharama, wenye mkusanyiko mkubwa wa mvinyo wa Afrika Kusini. Meza kamili siwezi kuipendekeza kwa mtu mmoja, kwani chakula kikuu peke yake chaweza kuzidi dola 40. Kaunta ya baa ni habari nyingine. Unakaa, unaagiza kitu kimoja kidogo, na mhudumu wa kaunta anakuwa mwenyeji wako kwa jioni nzima. Vaa nadhifu. Angalia kwenye programu kama umefunguliwa, kwa sababu migahawa ya hoteli hii hufungwa kwa zamu kwa ajili ya ukarabati.

6. Starlight Safari

Gari la wazi usiku, miwani ya kuonea gizani, kama saa moja, kwenye mbuga za hoteli. Bei ni chini ya nusu ya ile ya Trek, na hapa pia unalipa kwa kichwa. Ni nzuri ukiwa unalala hotelini. Ukiwa mgeni wa siku moja, miguu imechoka na bado unarudi mbali, acha.

7. Tusker House

Bufee ndani ya bustani, pale Harambe, ambapo Donald Duck na wenzake waliovaa nguo za safari hupita mezani kupiga picha. Sehemu kubwa ya bei unayolipa ni hao wahusika. Kama umewapenda tangu utotoni na unataka kukutana nao, nenda na ufurahi, huna haja ya mtoto wa kukusindikiza. Lakini kama unachotafuta ni chakula, pesa hiyohiyo inakulipia mikate ya Sanaa mara mbili.

Vya kutonunua

Lightning Lane, yaani malipo ya kuruka foleni. Kwa familia naielewa. Kwako wewe, Expedition Everest, treni ya kasi inayofika kilomita 80 kwa saa na kurudi kinyumenyume gizani, ina mlango wa pembeni wenye maandishi Single Rider, kwa ajili ya kujaza viti vilivyobaki. Hakuna malipo. Nilipanda mara tatu mfululizo huku foleni ya kawaida ikiwa haijasogea sana. Mchezo wa Avatar Flight of Passage hauna mlango huo, kwa hiyo ufuate mara tu bustani inapofunguliwa au ingia kwenye foleni dakika za mwisho kabla ya kufunga. Kilimanjaro Safaris nayo haina, lakini ipande asubuhi, wanyama wakiwa bado wanatembea, na umwombe anayepanga abiria akuweke mwisho wa benchi. Kwa kawaida hukubali, maana mtu mmoja hamvurugii hesabu. Dakika chache baada ya kuondoka, tazama upande wa miti kwa makini: kuna okapi, mnyama wa misitu ya Ituri kule Kongo, na wengi kwenye gari humpita wakidhani ni pundamilia.

Kikombe cha kujaza tena na tena usinunue isipokuwa umelala hotelini, kwani hakitumiki ndani ya bustani.

Na ziara binafsi ya VIP iache kabisa. Inalipiwa kwa saa, si chini ya saa saba, na bei ni moja hata mkiwa watu kumi. Mtu mmoja analipa ya wote kumi.

Meza, tipu na nafasi yako

Weka miadi ya mtu mmoja, si ya wawili kwa kutumaini meza kubwa. Usipotokea, au ukighairi kwa kuchelewa, utatozwa kwa kila kichwa ulichoandikisha. Makundi ya watu sita na zaidi huongezewa tipu ya asilimia 18 moja kwa moja, wewe utaiandika mwenyewe kwenye bili. Usiiruke hata kwenye bufee. Mhudumu aliyekuachia meza kwa saa nzima amekosa wateja wengine wawili au watatu.

Na ukipewa meza usiyoipenda, sema. Katika mgahawa mmoja, ambao sitautaja, niliwekwa kando ya mlango wa jikoni wakati meza tano za dirishani zilikuwa tupu, na bili ikaletwa kabla ya chai. Nilinyamaza, na ile njia nzima ya kurudi nyumbani niliendesha nikiwa na donge kooni. Siku hizi nasema palepale, kwa upole: "Naomba ile ya dirishani, ikiwezekana." Sijakataliwa bado.

Mwisho wa siku, kabla ya kuondoka, pita Jambo House, toka kwa mlango wa nyuma hadi Arusha Rock. Ni mwamba ulioingia katikati ya mbuga, wenye nafasi ya kusimama, na hulipii chochote. Fika saa moja kabla ya jua kuzama. Basi la kurudi bustanini linapita mbele ya hoteli, na ukikosa moja, subiri linalofuata.